Barabara Pana Ikiishia Mau Summit, Malori Yatakwenda Wapi?



Toleo hili twasema habari za barabara, ingawa sisi ni watu wa reli. Huenda mwenzetu akauliza: kazi yetu ni mataruma na mabehewa, malori yatuhusu nini? Yatuhusu kwa mambo matatu. Kwanza, wengi wetu kwetu ni Nyamira na Kisii, na huko hakuna hata hatua moja ya reli. Twendapo likizo, twendapo kuzika, twapelekapo watoto shule, twapita barabara ile ile ya malori. Pili, mzigo mzito ulio juu ya lori ni mzigo ambao haukupanda gari la moshi. Tatu, fedha za uzeeni zikatwazo katika mishahara yetu sasa zimeingizwa katika kujenga barabara. Na mtu ambaye fedha yake imo ana haki ya kuuliza.

Jambo lenyewe ni hili. Tarehe 28 Novemba 2025 Rais William Ruto alizindua kazi ya kupanua barabara kutoka Rironi, kupita Naivasha na Nakuru, mpaka Mau Summit, kilomita 175. Pamoja nayo itapanuliwa ile ya chini, kutoka Rironi kupita Maai Mahiu mpaka Naivasha, kilomita 58. Gharama yake yatajwa kuwa yapata shilingi bilioni 170. Magari yaendayo yatakuwa na upande wao, na yajayo yatakuwa na upande wao. Hilo ni jema, nasi hatulipingi. Watu wamekufa kwa wingi katika barabara ile, na kuchelewa kwake ni kwa miaka mingi: mkataba wa kwanza ulitiwa sahihi na makampuni ya Kifaransa mwaka 2020, ukavunjwa mwaka 2025 kabla ya kazi kuanza.

Ila twauliza swali moja. Pale Mau Summit lami pana inapoishia, malori yatakwenda wapi?

Mau Summit ni njia panda. Mkono mmoja barabara yaenda Eldoret, Malaba na Uganda. Mkono wa pili yaenda Londiani Junction, Kericho na Kisumu. Mtu wa Nyamira hushika mkono huo wa pili. Akipita Kericho huteremka mpaka Chemosit, na hapo njia hugawanyika tena: wengine huingia Kebirigo na Nyamira mpaka Kisii, wengine hupita Sotik na Keroka mpaka Kisii. Kutoka Kisii barabara yaendelea Migori mpaka Isebania, mpakani mwa Tanzania. Wako pia madereva ambao hawafiki Nakuru kabisa. Hao hupita Maai Mahiu, Narok, Bomet na Sotik, nao hutokea Keroka vile vile.

Katika barabara hizo, kwa sehemu kubwa, gari liendalo na gari lijalo hutenganishwa na mstari wa rangi tu. Hapo hapo hupita lori la saruji, lori la mafuta, lori la mbolea, basi la Nairobi, matatu ya Kisii, bodaboda yenye mtu na mikungu mitatu ya ndizi, mtoto wa shule, na mama aliyebeba mboga kwenda sokoni. Lami ni moja, na wote hao wana haja nayo wakati mmoja. Barabara ya Isebania, Kisii na Ahero ilitengenezwa upya kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na twashukuru kwa kuwa mashimo yalizibwa. Lakini lami laini bila nafasi huongeza mwendo tu.

Sisi wa reli twajua jambo moja ambalo twadhani wenye kupanga barabara wangefaa kulisikia. Reli yetu ya zamani kutoka Mombasa ni njia moja, na hata hii mpya ya SGR ni njia moja yenye stesheni za kupishana. Njia moja si dhambi. Magari mengi ya moshi yaweza kutumia njia moja bila mtu kuumia, mradi sheria ya kwanza ishikwe: magari mawili yasiingie katika sehemu moja kwa wakati mmoja. Kwa ajili hiyo zamani dreva wa injini hakuondoka stesheni bila kupewa tokeni mkononi, na mpaka leo haondoki bila ruhusa. Na mahali ambapo njia mbili zakutana kuwa moja, hapo ndipo tuwekapo ulinzi mkubwa kupita mahali pengine pote: pointi, ishara na mtu wa zamu. Hapana mkubwa wa reli ambaye angekubali njia mbili ziishie ghafula katika njia moja bila hata taa.

Sasa tazama barabara. Dreva ametoka Nairobi akiendesha kwenye njia pana kilomita 175. Mwendo umezoea mguu wake. Hakuna aliyekuwa akimjia mbele. Kisha afika Mau Summit na lami yakunjamana kuwa nyembamba, na mbele yake kuna mteremko, ukungu, matatu inayoharakisha, na soko. Nani atampa tokeni? Kila apitaye mwenzake kwenye barabara nyembamba ameingia katika sehemu ya mtu mwingine bila ruhusa, akitumaini tu kwamba mwenye sehemu hajafika.

Watu husema ajali haina kinga. Msemo huu watuliza moyo wa mfiwa, na kwa kazi hiyo wafaa. Lakini usitumiwe na mwenye kupanga kazi. Sisi kazi yetu yote ni kinga. Pointi ni kinga, ishara ni kinga, breki ya kila behewa ni kinga, gengi atembeaye asubuhi akigonga reli kwa nyundo ni kinga. Siku ambayo kinga hizo zitaachwa, reli nayo itaua kama barabara.

Tukumbuke yaliyokwisha kutokea, si kwa kupenda kutaja misiba, bali kwa kuwa kila msiba una mahali pake na sababu yake. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo, likashika moto, na watu zaidi ya 100 wakafa, wengi wao wakiwa ni watu waliokuja kuchota mafuta. Usiku wa tarehe 10 Desemba 2016 lori lenye mzigo wa kemikali lilishindwa kusimama kwenye mteremko wa Karai, Naivasha, na watu takribani 40 wakafa. Alfajiri ya tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, na watu 36 wakafa. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023 lori lilipoteza njia Londiani Junction, likaingia katika matatu, bodaboda na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, na watu zaidi ya 50 wakafa.

Hiyo ya mwisho itazameni vizuri. Londiani Junction haimo katika zile kilomita 175. Iko upande wetu, kati ya Mau Summit na Kericho. Waliokufa pale walikuwa wakiuza vitu kwa abiria, au wakingoja gari la kwenda nyumbani. Ni njia ya kila mtu wa Nyamira apitaye Nakuru. Barabara pana itakapofunguliwa, malori yatakayomwagwa Mau Summit yatakuwa mengi na ya mwendo zaidi, na soko la kwanza kubwa yatakalokutana nalo ni lile lile.

Kwa upande wa pili, twajua pia kwamba kazi ndogo yaweza kuokoa watu. Baada ya msiba wa Migaa, mwaka 2018 Mamlaka ya Barabara Kuu, yaani KeNHA, ilianza kuweka ukuta wa saruji kati ya magari yapandayo na yashukayo sehemu za Salgaa na Sachangwan. Haikungoja mkataba wa mabilioni wala kampuni ya ng'ambo. Palikuwa mahali pa kutajwa kwa vifo mwaka baada ya mwaka, na ule ukuta uliweka kitu kigumu mahali palipokuwa na rangi tu. Kama liliwezekana Salgaa, lawezekana Londiani, na lawezekana Keroka.

Wengine watasema, kwa nini malori ni mengi hivi? Twajibu kwa kuwa mzigo umetoka kwetu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, ikafika Kampala mwaka 1931. Katika miaka ya ukoloni serikali iliwabana wenye malori kwa leseni, ili mzigo wa mbali uende kwa reli. Hawakufanya hivyo kwa kumpenda Mwafrika. Walikuwa wakilinda mali yao. Lakini matokeo yake ni kwamba barabara zilibaki za safari fupi. Wazee wetu wa Kisii walikuwa wakipeleka mzigo Kendu Bay, meli ikauvusha mpaka Kisumu, na Kisumu ukapanda gari la moshi. Chai ya Kericho ilipandia stesheni ya Lumbwa, ambayo leo yaitwa Kipkelion.

Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, na shirika la reli la nchi tatu likavunjika nayo. Shirika la Reli la Kenya likaanza mwaka 1978 likiwa na injini chache na madeni. Mwaka 2006 reli ilikodishwa kwa Rift Valley Railways, na mwaka 2017 ukodishaji huo ukakomeshwa. Katika miaka hiyo yote mwenye mzigo hakungoja. Alinunua lori. Hatuwezi kumlaumu, maana mwenye duka Nyamira ahitaji saruji yake Jumatatu.

Bandari nayo haikupungua. Mwaka 2024 Mombasa ilipitisha tani milioni 41 za shehena, na makontena yakafika hesabu ya milioni 2 ya futi 20. Sehemu kubwa ya mzigo huo hutoka bandarini kwa malori. Chai yetu ya Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Nyansiongo na Gianchore husafiri yapata kilomita 800 juu ya magurudumu ya mpira mpaka kwenye mnada wa Mombasa. Gari moja la shehena la SGR laweza kubeba makontena zaidi ya 100 ya futi 20 kwa safari moja, kwa dreva mmoja na msaidizi wake. Mzigo huo ukiwekwa barabarani wahitaji malori zaidi ya 50, na kila moja laruhusiwa kufika tani 56 kwa sheria ya Afrika Mashariki. Hebu yapange hayo malori katika akili yako, moja nyuma ya jingine, yakipita katikati ya soko la Keroka siku ya soko.

Wala tusimtupie dreva lawama yote. Dreva wa lori ni mfanyi kazi kama sisi, na utingo wake vile vile. Sheria ya Trafiki yasema dreva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya saa nane katika muda wa saa 24. Sheria hiyo ni nzuri kama ile yetu ya zamu. Lakini dreva alipwaye kwa safari, si kwa saa, sheria hiyo kwake ni karatasi. Akilala, watoto wake hawali. Na hata akitaka kulala, atalala wapi kati ya Mau Summit na Isebania? Aegeshe tani 56 mbele ya duka la mtu? Sisi hupewa nafasi ya kupumzika mwisho wa zamu, na tulipigania haki hiyo. Yeye hulala juu ya usukani, na huenda akalala hali gari laenda. Twasema kwa tajiri wa malori: mwenye kupokea faida ya safari na apokee pia gharama ya mapumziko.

Kadhalika tusiwatukane akina mama wa sokoni. Baada ya msiba wa Londiani, Waziri aliyehusika na barabara aliagiza wachuuzi waondoke kandokando ya barabara kuu. Waliondolewa, na pengi wakarudi. Kwa nini warudi mahali palipoua wenzao? Kwa sababu mnunuzi yumo ndani ya matatu, na matatu husimama pale pale. Mama hauzi ndizi kando ya lami kwa ukaidi. Anauza pale penye fedha. Ukitaka ahame, hamisha kwanza steji ya magari, ijengwe ndani, mbali na malori, yenye choo na taa na kivuli. Mama atakwenda mwenyewe kabla ya askari kumwambia. Ukimfukuza na steji ukaiacha, umemfundisha kukimbia tu.

Tuliosoma shule za misheni twakumbuka ile torati ya Musa iliyomwamuru mtu ajengaye nyumba mpya aweke ukingo juu ya dari, asije mtu akaanguka na damu ikawa juu ya mwenye nyumba. Sheria ile haikumwambia aanguaye awe mwangalifu. Ilimwambia ajengaye aweke ukingo. Nasi hatuombi zaidi ya hilo.

Sasa tuje kwenye fedha yetu. Tangu Februari 2023 makato ya NSSF yameongezwa kwa kufuata sheria ya mwaka 2013, yakapanda tena Februari 2024 na Februari 2025. Kila mmoja wetu ameona katika karatasi ya mshahara. NSSF imeingia ubia na China Road and Bridge Corporation katika kazi ya upande wa Rironi na Naivasha. Upande wa Nakuru mpaka Mau Summit umepewa Shandong Hi-Speed. Wenye kuweka fedha watarudishiwa kwa ada ambayo kila gari litalipa likipita.

Hapa pana jambo ambalo mwanachama wa reli alitafakari. Kama uzee wetu utalishwa na ada ya malori, basi kadiri malori yazidivyo, ndivyo mfuko wetu utakavyojaa. Lakini kazi yetu ya leo yategemea mzigo mzito urudi relini. Tumewekwa pande mbili za mzani kwa wakati mmoja, wala hakuna aliyetuuliza. Hatusemi kwamba uwekaji huo ni mbaya. Fedha ya wazee haina budi kufanya kazi, na barabara yaweza kuwa kazi njema kupita majumba yasiyo na wapangaji. Twasema kwamba wenye fedha ni wafanyi kazi, na mwenye fedha husikilizwa. Ikiwa shilingi yetu yajenga barabara mpaka Mau Summit, basi neno letu lifike Mau Summit pia, na lipite pale mpaka Kisii. Twataka wawakilishi wa wafanyi kazi katika bodi ya NSSF waulize mambo mawili hadharani: faida yetu itahesabiwaje, na ulinzi wa mahali barabara inapoishia umewekwa katika bei au haukuwekwa?

Tena kuna habari ya reli yenyewe, ambayo kwetu Nyamira ni habari kubwa. SGR ilifunguliwa Mombasa mpaka Nairobi mwaka 2017, na mwaka 2019 ikafika Naivasha. Hapo ikakwama, maana mkopo wa kuiendeleza haukupatikana. Mwaka 2025 Serikali ilitangaza kwamba itaendelezwa kutoka Naivasha mpaka Kisumu na Malaba, na ramani yake yapita Narok, Bomet na Nyamira. Wazee wa kwetu ambao hawajapata kusikia kipenga cha gari la moshi kijijini mwao huenda wakakisikia.

Twafurahi, lakini Naivasha itufundishe. Reli ilipoishia pale, mzigo haukuishia pale. Uliteremshwa ukapandishwa malori, na malori yakapanda Nakuru na Mau Summit. Baadaye reli mpya iliunganishwa na ya zamani kwa kipande cha kwenda Longonot, na hilo lilikuwa jambo la busara. Basi na reli na barabara zina ugonjwa mmoja: hujengwa mpaka pale fedha inapoishia, na watu wakaao pale mwisho ndio hupokea mzigo wote. Kama reli itafika Nyamira na kusimama miaka sita, stesheni ya Nyamira itakuwa Naivasha ya pili, na barabara nyembamba ya kwenda Kisii itapokea malori ambayo haijapata kuyaona.

Wengine wetu watasema dawa ni moja: barabara pana kila mahali. Katika Novemba ile ile ya 2025 Rais aliliambia Bunge kwamba Serikali yakusudia kupanua kilomita 2,500 za barabara kuu. Ahadi hiyo tutaishika na kuikumbusha. Lakini mtu wa Nyamira ajue pia bei yake kwetu. Hesabu ya watu ya 2019 ilipata watu 605,576 katika kaunti yetu ndogo, ambayo haifiki kilomita za mraba 1,000. Shamba la mtu ni nusu ekari, robo ekari, na ndani yake mna nyumba, chai, ng'ombe mmoja na makaburi ya wazee. Barabara ya njia sita na nafasi zake za pembeni itakula mashamba mengi. Reli ya njia moja yahitaji ukanda mwembamba kuliko huo, na hupitisha mzigo mzito zaidi. Kwa hiyo kwetu si neno la kutaka kila kitu. Mzigo mzito wa mbali na uende relini. Barabara ya kwetu iachiwe basi, matatu, lori la chai na lori la ndizi, nayo ijengewe ukingo.

Basi haya ndiyo tuyaombayo, na tungependa kila tawi liyajadili.

Kwanza, barabara pana isifunguliwe Mau Summit kabla ya mdomo wake kutengenezwa. Lami ipunguzwe pole pole kwa kilomita kadhaa, kwa taa, alama na askari wa zamu, si kwa ghafula. Mteremko wa kwenda Londiani Junction uwekewe ukuta wa katikati na njia ya lori lililokatika breki.

Pili, katika kila soko kutoka Londiani Junction mpaka Kericho, Chemosit, Kebirigo, Nyamira, Sotik, Keroka na Kisii, steji ihamishwe ndani kabla ya wachuuzi kuhamishwa, na njia ya miguu ijengwe pande zote mbili. Keroka imegawanyika kati ya kaunti mbili, na kila moja hupenda ushuru wa soko lake. Twasema kwa kaunti zote mbili: mmegawana ushuru, gawaneni na kazi ya kuwalinda wanaoulipa.

Tatu, pawe na mahali pa malori kulala, penye maji na ulinzi, na sheria ya saa nane ishikwe kwa kumkamata tajiri, si dreva peke yake.

Nne, reli tuliyo nayo itumike sasa. Njia ya Nakuru mpaka Kisumu ilitengenezwa, na mwisho wa mwaka 2021 gari la abiria likarudi Kisumu baada ya miaka mingi. Njia hiyo hiyo yaweza kuchukua saruji, mbolea na mafuta mpaka Kisumu au Kipkelion, na malori yakamalizia safari fupi ya kuja Kisii na Nyamira. Haifai kungoja reli mpya hali ya zamani ina mataruma mazima.

Tano, NSSF ituambie wanachama, kwa Kiswahili na kwa hesabu zisomekazo, habari ya fedha yetu iliyomo barabarani.

Wenzetu mtakaorudi nyumbani likizo, twawapa kazi moja. Kila mmoja aandike mahali pale kwao ambapo watoto huvuka lami bila alama, ambapo malori hulala kando ya maduka, na ambapo matatu husimama barabarani. Aandike jina la soko na shule iliyo karibu, kisha amletee katibu wa tawi. Tutayakusanya yote katika barua moja, tuipeleke KeNHA na katika mabunge ya kaunti ya Nyamira na Kisii, nakala kwa wawakilishi wetu wa NSSF. Barua isemayo barabara ni mbaya hutupwa. Barua isemayo ni mahali gani, saa ngapi, na watoto wangapi huvuka, hiyo ni ngumu kutupa.

Karatasi za kuandikia zinapatikana kwa makatibu wa matawi. Zirudishwe kabla ya mkutano ujao.